Sahihi ya Linux na magunia ya Musompo

Ukitoka Kolwezi kwenda Likasi, utapita Musompo, depo kwa depo. Mnunuzi hufungua gunia, akaelekeza Metorex, kifaa cha kupima madini, kwenye mawe, na asilimia ya kobalti inatokea kwenye kioo. Bei inafuata hapo hapo. Kifaa hicho hakijui mawe yametoka shimo gani wala yamepita mikononi mwa nani.

Swali hilo la asili nalikuta hata darasani, ninapofundisha vijana wa hapa kuandika programu. Tukifika kwenye masharti ya kuchangia Linux, mfumo wa kompyuta unaojengwa na wachangiaji wengi, ambayo humtaka kila mchangiaji aweke sahihi, husumbuliwa na jambo moja: msimbo unafanya kazi, umepimwa, sahihi ya nini tena?

Mwanzoni sahihi hiyo haikuwepo. Linus Torvalds alipotangaza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, watu walimtumia marekebisho kwa barua pepe. Aliyapokea au aliyakataa, basi. Machi 2003 kampuni ya SCO ikaishtaki IBM, ikidai mali yake ya mfumo wa Unix imeingizwa kwenye Linux. Ghafla ikabidi kupekua barua za miaka mingi ili kujua nani alileta nini. Mwaka 2004 Torvalds akaleta utaratibu mpya: chini ya kila rekebisho mchangiaji aandike Signed-off-by, jina lake na anwani yake ya barua pepe. Kwa mstari huo anathibitisha kwamba kazi ni yake, au ana haki ya kuitoa kwa leseni ya mradi. Wanafunzi huniuliza waandike jina la ukoo au la ubatizo. Nawaambia: lile utakaloitika ukiitwa kujibu.

Ninachokithamini zaidi ni kinachofuata. Msimamizi anayepokea rekebisho na kulipeleka mbele huongeza sahihi yake chini ya ile ya kwanza, na anayefuata vivyo hivyo. Mwenye cheo hajifichi nyuma ya mchangiaji mdogo.

Kwetu swali la asili ya mawe lilipamba moto Januari 2016, mashirika ya Amnesty International na Afrewatch yalipotoa ripoti kuhusu kobalti na watoto migodini. Kampuni za simu na magari zikaanza kuulizwa mawe yao yanatoka wapi. Mwaka 2019 serikali ya Kongo ikaunda kampuni ya Entreprise Générale du Cobalt ili inunue kobalti ya wachimbaji wadogo. Lakini mawe ya mashimo mawili yakishamwagwa kwenye rundo moja hayatenganishwi tena, na wa kwanza kudaiwa kadi ya uchimbaji ni yule aliyetoka shimoni na vumbi lake, huku majina ya walionunua baada yake yakipotea njiani.

Hilo si haki. Wanaotunga masharti ya kobalti ya mkoa wetu wa Lualaba waige Linux: kila aliyeligusa gunia aandike jina lake, kuanzia mchimbaji hadi kiwanda cha betri, na orodha hiyo isomwe na yeyote anayetaka.