Kitu Halisi, Nakala na Umbo la Kubuni: Maonesho ya Kumbukumbu ya Livingstone, Ujiji

Mjadala wa makumbusho kuhusu vitu halisi na vielelezo huchukulia kwamba kila kielelezo kina kitu halisi kilichonakiliwa. Ndivyo ilivyo kwa fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Fuvu lenyewe huhifadhiwa, na nakala zake hutolewa kwa kufuata umbo lake. Mtafiti anayetilia shaka nakala anaweza kuilinganisha na asili yake. Maonesho ya Ujiji hayaruhusu ulinganisho wa aina hiyo.

Hapo Ujiji kuna mambo matatu yenye hadhi tofauti. Kwanza ni mahali penyewe, palipowekewa mnara wa ukumbusho. Pili ni miembe, inayoelezwa kuwa imetokana na vikonyo vya mwembe ambao Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, miembe hiyo si nakala, kwa kuwa mti uliobebeshwa huendeleza uhai wa mti mama. Tatu ni sanamu za ukubwa wa mtu za Stanley na Livingstone wakiamkiana. Sanamu hizi hazikunakili kitu chochote, bali zimebuniwa kutokana na masimulizi.

Masimulizi hayo kwa kiasi kikubwa ni ya Stanley mwenyewe, na ukurasa wa shajara yake uliohusu tukio hilo ulichanwa. Kwa hiyo, salamu mashuhuri inayowakilishwa na sanamu hizo haina ushahidi wa siku ile. Hata hivyo, umbo linaloonekana kwa macho huaminika kuliko andiko, na mtazamaji huondoka akidhani ameona tukio lenyewe.

Athari yake kubwa zaidi ni kwa wale wasiochongwa. Kwa mujibu wa kitabu cha Stanley, wa kwanza kumlaki walikuwa Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, na Susi ndiye aliyekimbia kumpasha habari bwana wake. Ni hao waliouongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone tangu kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo, ulikofika mwaka 1874. Onesho la watu wawili linawaondoa katika tukio ambalo hata chanzo chake chenyewe kinawataja.

Inahitimishwa kuwa tatizo la Ujiji si matumizi ya sanamu, maana tukio haliwezi kuhifadhiwa kabatini kama fuvu. Tatizo ni kuziweka bila kubainisha hadhi yake. Maelezo ya maonesho yanapaswa kutofautisha kilichosalia, kilichoendelezwa na kilichobuniwa. Aidha, mbunifu anayefuata masimulizi ya Stanley hana sababu ya kitaaluma ya kumwacha Susi nje ya kivuli cha mwembe.