Zizi la Bukini

Mtu wa Unguja akimsikia Mmalagasi akihesabu telo, efatra, dimy, enina, haambulii kitu. Mwindonesia ndiye atakayetega sikio, maana kwake nne ni empat, tano lima na sita enam. Lakini mazungumzo yakihamia zizini, mambo hugeuka. Herufi o ya Kimalagasi hutamkwa u, na y ni i; basi omby husomeka "umbi", ondry "undri", amboa "ambua", akoho "akuhu".

Ng'ombe, kondoo, mbwa, kuku. Hata kanga yumo: akanga.

Lugha yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, mmisionari na mwanaisimu wa Norwei, alichapisha kitabu kilicholinganisha Kimalagasi na Kimaanyan cha kusini mwa Borneo, akaonyesha kuwa hizo ni lugha ndugu. Jiwe ni vato kwa Wamalagasi, batu kwa Wamalai. Mbingu ni lanitra na langit. Watu walioileta kutoka huko walivuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa Pwani walikiita Bukini. Majina ya mifugo yakaja kutoka upande wa pili, Afrika bara, umbali wa kilomita 400 hivi pale bahari inapokuwa nyembamba, pamoja na watu waliosema lugha za Kibantu.

Si kwamba wageni wa Borneo hawakuwa na neno lao. Wamalai humwita ng'ombe lembu, na neno hilo limo katika Kimalagasi mpaka leo: lambo. Ila sasa ni nguruwe mwitu. Yaelekea neno lilikosa mnyama wake, likamdandia aliyekuwepo porini.

Masimulizi ya Wamerina wa nyanda za juu yana maelezo mengine ya neno omby, tena matamu. Husemwa kuwa mfalme Ralambo, aliyetawala karne ya 16 ikiishia, ndiye aliyegundua kwamba nyama ya ng'ombe inalika. Kabla yake mnyama huyo aliitwa jamoka. Mfalme akajenga zizi, ng'ombe wakaenea humo, naye akawaita omby, kwa kuwa neno hilo pia lina maana ya kuenea mahali. Mtu wa Pwani atacheka tu: Wazulu husema inkomo, wasemaji wa Kilingala ngombe, na hao hawakuhitaji zizi la Ralambo.

Jina la mfalme lenyewe ni kituko. Ra- ni kiambishi cha heshima. Kinachobaki ni lambo.