Munyu wa Ng'ombe, Chumvi ya Darasani

Mwanafunzi wa Gatete, katika mwambao wa Rumonge nchini Burundi, akiandika kwenye insha kwamba "ng'ombe huhitaji munyu", huenda mwalimu akalikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika "chumvi" juu yake, akidhani ni Kirundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia inamtetea mwanafunzi huyo.

Tuanze na ng'ombe mwenyewe. Chumvi humpa sodiamu, madini ambayo kwa kawaida ni haba katika majani ya malisho, hasa mbali na bahari ambako mvua nyingi huyaosha udongoni. Ng'ombe hawezi kuyawekea akiba kubwa mwilini. Akiyakosa hulamba udongo, kuta na hata mkojo. Hatimaye hula kidogo na kukonda. Kwa ng'ombe wa nyama, hiyo ni hasara ya moja kwa moja. Ndiyo maana tangu zamani wafugaji wa Maziwa Makuu waliwapeleka ng'ombe wao penye maji au udongo wa chumvi.

Chumvi safi, hata hivyo, ilitoka mbali, kwani maji ya Ziwa Tanganyika ni baridi. Chemchemi maarufu zipo Uvinza, karibu na mito Malagarasi na Ruchugi, katika Tanzania ya leo. Uchimbuzi wa akiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha kuwa chumvi ilitengenezwa huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kwa kuchemsha maji ya chemchemi katika vyungu. Katika karne ya 19 chumvi hiyo ilifika soko la Ujiji, ikasafirishwa kwa mitumbwi hadi Burundi. Kutoka huko yalikuja mafuta ya mawese na mifugo. Biashara ya ziwa hilo, ambayo kwa masikitiko ilihusisha pia watumwa, ndiyo iliyokifikisha Kiswahili Rumonge.

Lakini neno munyu halikungoja mtumbwi. Warundi husema umunyu. Nako pwani, lahaja za kaskazini kama Kiamu zina munyu. Ni mzizi wa Kibantu ambao lugha hizi mbili zimeurithi, wala hakuna iliyomkopesha mwenzake.

Basi, mwalimu mwenzangu, tumfundishe mwanafunzi kwamba katika Kiswahili sanifu neno la kawaida ni chumvi. Ila tusimwambie kwamba munyu si Kiswahili.