Watu wa Rhodes Mjini Lubumbashi

Mkazi wa mtaa wa Kasungami anayepanda basi kwenda mjini huingia katika Lubumbashi ya zamani, iliyoitwa Élisabethville tangu Wabelgiji walipouasisi mji huo mwaka 1910. Ni mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Katikati ya mji bado limesimama sinagogi lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Jamii ya Wayahudi iliyolijenga ilikuwa imejiunda tangu 1911, na familia zake nyingi zilitoka Rhodes, kisiwa cha bahari ya Mediterania.

Mababu zao walifukuzwa Uhispania mwaka 1492. Zaidi ya karne nne baadaye walikuwa bado wakizungumza nyumbani Kiladino, yaani Kihispania cha wakati ule. Huku Katanga, jimbo lenye mji huu, walifungua maduka ya nguo, chumvi na mablanketi, mengi yakiwahudumia Waafrika. Tuseme ukweli wote: waliishi upande wa mji uliotengewa wazungu, na sheria za ukoloni ziliwalinda, hata kama Wabelgiji wengi hawakuwahesabu kuwa wenzao.

Walipofika, hapakuwa na kitu cha kuwakumbusha kwao isipokuwa walichokitenda wenyewe. Sala ya pamoja ilitaka wanaume kumi. Akikosekana mmoja, sehemu zake muhimu hazisomwi. Mtoto wa kiume alitahiriwa siku ya nane. Wakati wa Pasaka chachu iliondolewa nyumbani kote, hata makombo. Ijumaa kabla ya jua kutua mama aliwasha taa, na kwa kuwa Sabato hairuhusu kuwasha moto, chakula cha Jumamosi kilikaa jikoni usiku kucha. Chukua mayai: huchemshwa na maganda yake pamoja na maganda ya vitunguu, juu ya moto mdogo, saa nyingi mno, mpaka weupe wa ndani unageuka rangi ya kahawia na harufu ya moshi inaingia ndani yake. Wayahudi wa Rhodes waliyapika hivyo. Mtoto wa Élisabethville aliyeyamenya asubuhi ya Sabato alijifunza yeye ni nani kabla hajaweza kusoma hata herufi moja ya Kiebrania.

Mwaka 1937 alifika Rabi Moïse Levy, kijana aliyesomea Chuo cha Marabi cha Rhodes. Alikaa hadi 1991. Rabi wa jamii ndogo iliyo mbali hana kazi moja: huongoza sala, hufundisha watoto, hufungisha ndoa, huzika. Mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka Rhodes, Italia iliyokuwa ikitawala kisiwa hicho ilitunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, na chuo kikafungwa.

Kisha likaja balaa lenyewe. Julai 1944 Wajerumani, waliokuwa wamekishika kisiwa hicho, waliwakusanya Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapakia melini na hatimaye kuwapeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Walionusurika walikuwa takribani 150. Wazazi, dada na walimu wa watu wa Élisabethville walikwisha kwa majuma machache.

Nadhani tangu hapo yale mambo ya kila siku yalibeba uzito mwingine. Mwanamke wa Katanga aliyepika mayai yale hakuwa tena anafuata desturi ya kwao tu. Huko kwao wapishi wake walikuwa wameuawa. Élisabethville, ulikoimbwa wimbo wa Kiladino, ilikuwa miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo Rhodes ilibaki hai.

Hapakukosa damu iliyochanganyika. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, ni mwana wa Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes, na mama yake alitoka ukoo wa kifalme wa Kazembe. Kwa sheria ya Kiyahudi Uyahudi hufuata mama, kwa hiyo watoto wa namna hii mara nyingi walibaki nje ya jamii ya baba zao. Hilo linauma, na historia ya jamii hii haikamiliki bila wao.

Uhuru wa Kongo mwaka 1960, vita vya kujitenga kwa Katanga, kisha Rais Mobutu kutaifisha biashara za wageni mwaka 1973, viliwaondoa wengi. Walihamia Brussels na Cape Town, ambako mwaka 1960 watu wa asili ya Rhodes, wengi wao kutoka Kongo na Rhodesia, waliunda jamii yao ya sala. Walifika huko na maneno ya Kiswahili katika Kiladino chao, na mayai yao yakaendelea kukaa motoni kila Ijumaa usiku.