Mtihani wa Usajili wa Wasanifu Majengo (Kericho na Bomet)

Mtihani wa usajili wa wasanifu majengo ni kizingiti cha mwisho kwa mhitimu wa Kenya anayetaka kuitwa msanifu majengo kisheria. Unasimamiwa na bodi ya usajili ya wasanifu na wakadiriaji ujenzi, BORAQS, yenye makao Nairobi, chini ya Sheria Sura ya 525 iliyoanza kutumika 1934. Shahada peke yake haitoshi. Mhitimu hufanya kazi kwanza chini ya msanifu aliyesajiliwa, huku akiweka kumbukumbu za kazi hiyo, ndipo ahesabiwe kuwa tayari.

Huku kwenye mashamba ya chai, msanifu anajulikana zaidi kama mtu wa kuchora ramani. Kuchora ni kazi ya chuoni, Nairobi au Juja. Kinachomwangusha mtahiniwa ni mikataba, sheria na maadili: nani anamlipa nani, lini, na jengo likipasuka ni nani wa kujibu.

Kwa somo hilo, mtahiniwa wa Kericho ana mwalimu mlangoni pake, naye ni mvua. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda hadi miinuko ya takriban mita 2,000, na alasiri hushuka kwa kishindo, mara nyingi ukiwa mvua ya mawe. Sasa fungua mkataba wa ujenzi wa Joint Building Council wa 1999, unaotumika sana nchini. Unaruhusu mkandarasi aongezewe muda hali ya hewa ikiwa mbaya kupita kawaida. Tuseme mkandarasi anayejenga ukumbi wa kunyaushia majani kiwandani Mogogosiek, Bomet, ameleta barua kwamba mvua imemlia wiki tatu. Aliyekariri ataandika "apewe". Aliyeelewa atauliza kwanza: mvua ipi si ya kawaida Bomet? Hii ya kila alasiri mkandarasi aliijua alipojaza zabuni. Ataomba vipimo vya miaka mingi vya kituo cha karibu, daftari la mradi na tarehe ya notisi. Atakagua pia kama kazi iliyosimama ndiyo iliyoshikilia nyingine zote. Tena akikubali kuongeza muda, asidhani ameahidi fidia; hayo ni mambo mawili. Na uamuzi wake lazima uwe wa haki kwa pande zote, ingawa anayemlipa ada ni mwenye mradi. Hapo ndipo kiini cha mtihani kilipo, na hapo ndipo pa kusomea usiku.

Mwalimu mwingine yuko mjini Kericho: Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililokamilika 2015. Lilibuniwa na John McAslan + Partners ya London kwa ushirikiano na Triad Architects ya Nairobi. Paa lake la vigae hupanda kuelekea altareni juu ya mbavu za zege. Mtahiniwa akae humo saa ya mvua, afuatilie maji yanavyoondolewa kwenye paa kubwa kiasi hicho, kisha ajiulize kampuni mbili zilizo mbali hivyo ziligawanaje wajibu.

Kutumia jina la msanifu bila usajili ni kosa la jinai. Ndugu msomaji unayepanga kujenga Litein, Sotik au Kapkatet, kabla ya kulipia ramani, omba nambari ya usajili ya mchoraji na uithibitishe kwa Bodi.