Manahodha watatu, timu moja

Wadau, jana jioni nilikuwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa huku kwetu Kyela, nikitazama vijana wakipiga soka mchangani. Mmoja alivuliwa unahodha, akabeba mpira wake akaenda zake. Mechi ikaishia hapo!

Nikaikumbuka timu ya kriketi ya Kenya. Kombe la Dunia la 1996 iliichapa West Indies, nahodha akiwa Maurice Odumbe. La 1999 iliongozwa na Aasif Karim. La 2003 nahodha alikuwa Steve Tikolo, na wote wawili wakacheza chini yake. Karim alikuwa ameshastaafu, ana miaka 39, akarudi. Australia walishinda mechi yao, lakini Karim aliwatoa wapigaji 3 kwa mikimbio 7 tu. Kenya ikafika nusu fainali, ikatolewa na India.

Sisemi walikuwa malaika. Mwaka 2004 Odumbe alifungiwa miaka 5 kwa uhusiano na watu wa kamari. Ila somo la Karim liko palepale: aliyewahi kuongoza anaweza kurudi kuongozwa, na heshima yake isipungue.

Yule dogo wa Matema namsubiri leo jioni. Aje na mpira.