Malaika Hakukiondoa Kikombe

Leo twataka kuwaonyesha picha, ingawa redio haina picha. Basi itazameni pamoja nasi kwa macho ya moyo.

Picha yenyewe ni ndogo, kiganja chatosha kuifunika. Aliichora Rembrandt, fundi wa mji wa Amsterdam huko Uholanzi, katika miaka ya 1650, zama za sanaa ambazo wataalamu huziita Baroko. Makanisa ya Kiprotestanti ya nchi ile yalikuwa yameondoa picha kutani, lakini watu walinunua picha za Biblia zilizopigwa chapa, wakazitazama nyumbani.

Kazi yake ilikuwa hivi. Fundi alilipaka bamba la shaba nta, akachora juu yake kwa sindano. Kisha alilitia asidi, nayo ikaila shaba mahali palipokwaruzwa tu. Wino uliingia katika mikwaruzo hiyo, na karatasi ikagandamizwa juu yake. Kwa hiyo kila giza la picha hiyo limetoka katika jeraha la shaba. Na nuru yake ni karatasi yenyewe, pale ambapo sindano haikugusa.

Sasa tazameni. Ni usiku katika bustani ya Gethsemane. Wanafunzi wamelala. Kwa mbali waonekana watu wanaokuja kumkamata Bwana. Yeye amepiga magoti, uso umejaa huzuni. Karibu naye yuko malaika, amemshika, kama sisi tunavyomshika mfiwa asianguke kando ya kaburi.

Habari hii imo katika Injili ya Luka, mlango wa 22. Ni Luka peke yake aliyemtaja malaika huyu. Wachoraji wengi walimweka juu mawinguni, naye amechukua kikombe. Rembrandt alimshusha mpaka chini penye udongo, karibu kabisa na mwenye kuteseka.

Tena tuangalie mpango wa maneno ya Luka. Kwanza malaika alimtia Yesu nguvu. Baada ya hapo ndipo dhiki ilipozidi, akaomba kwa bidii zaidi, na jasho lake likawa kama matone ya damu. Sisi hudhani kwamba Mungu akija kutusaidia, maumivu yatakwisha mara moja. Lakini malaika hakukiondoa kikombe. Alimshika Yesu ili aweze kukinywa.

Rembrandt hakuwa mgeni wa huzuni. Watoto wake watatu wa kwanza walikufa wakiwa wachanga. Mkewe, Saskia, alifariki mwaka 1642. Mwaka 1656 alishindwa kulipa madeni, na mali yake ikauzwa kwa mnada. Hatusemi kwamba alijichora mwenyewe bustanini. Twasema tu kwamba mkono uliomchora malaika yule ulikuwa mkono wa mtu aliyekwisha kuzika.

Na sisi je? Tukienda matangani, mara nyingi twachukua maneno mengi. Twamwambia mjane asilie. Twamweleza kwa nini Mungu ameruhusu jambo hili, kana kwamba sisi tulikuwako shaurini mwake. Kisha twarudi makwetu, naye abaki peke yake na usiku wake. Tumetenda hivyo, ndugu zangu, nasi twatubu.

Juma hili kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliye katika Gethsemane yake. Tusiende na hotuba. Twende na mikono. Tumtekee maji, tumwashie moto, tuketi naye mpaka giza lipite. Na lisipopita upesi, tuzidi kuketi.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyekubali kushikwa usiku ule, utushike na sisi, utufundishe kushikana. Amina.